Maneno Madogo Yanayofuata Nyuma

Duka la Barre,
karibu na soko la mifugo, Kajiado
7 Agosti 2000

Kwa Mwalimu Nanjala,

Kwa huzuni kubwa, na kwa niaba ya wateja wangu wote, napenda kukutangazia rasmi kwamba kuanzia wiki iliyopita duka langu halifungi tena sukari kwa gazeti. Tumehamia mifuko ya plastiki. Mifuko haina maandishi yoyote, isipokuwa ule wa mkate, na huo nimeshausoma.

Wewe uliyekuwa jirani yangu kabla hawajakuhamishia shule ya Kitengela unaelewa uzito wa msiba huu. Kiingereza changu chote kilitoka kwenye hayo magazeti. Nimesoma miaka mingi, robo kilo baada ya robo kilo. Ndiyo maana najua mwanzo wa kesi nyingi sana, na sijui hata moja iliishaje, kwa sababu mwisho ulienda na sukari ya mtu mwingine.

Sasa niko na swali, na si langu. Kuna mzee mmoja hapa Kajiado, rafiki yangu, jina lake tuliache. Binti yake anaitwa Faysa, aliolewa na kijana anaitwa Hanad, wakaenda kukaa Bristol, Uingereza. Wana mtoto mmoja wa miaka tisa, Najah. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wanampigia mzee kwenye kibanda cha simu cha Jentrix. Faysa anaongea Kisomali: salamu, afya, mvua. Halafu anampa mtoto simu. Kisomali cha mtoto ni cha jikoni tu, njoo, kula, nawa mikono. Kwa hivyo anaongea Kiingereza, tena mbio, kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi.

Mzee anasikia kila neno. Ni maneno madogo, hata mtoto wa nasari anayajua: put, up, get, on, out. Lakini yakishikana hajui yameelekea wapi. Na nyuma yake pale kwa Jentrix kuna foleni ya watu, na wote wanamjua kama yule mzee anayesoma gazeti la Kiingereza. Basi anajibu, "Very good, very good."

Faysa na Najah wanakuja Desemba. Mzee anaogopa kwamba atakaa na mjukuu wake, mjukuu wa pekee, likizo nzima wakitazamana, yeye akisema "very good" mpaka mtoto arudi kwao.

Jana mtoto alisema, "I can't wait to hang out with you." Mzee ameshtuka sana. Kwenye magazeti, "hang" ni kazi ya jaji. Pia alisema, "Mum says you'll put us up," na tena, "I've grown out of my coat." Koti limeota?

Nisaidie ili nimsaidie. Barua hii inaletwa na Musila, yule wa lori la mbuzi, ataiacha kwenye kioski kando ya petroli. Haraka hakuna, lakini Desemba nayo haitungoji.

Ni mimi,
Barre Jeylani


Kitengela
15 Agosti 2000

Mzee Barre,

Hujambo mzee wangu? Sisi hapa hatujambo, ila mchicha wangu, ambao umeliwa na pundamilia. Ukame umewatoa mbugani na sasa wanapita kati ya nyumba za kupanga kama watu wa kukusanya kodi. Mume wangu Wanyama amezoea mifugo ya Bungoma, yenye wenyewe. Aliwauliza majirani tumpelekee nani malalamiko.

Barua yako ilifika ikinuka beberu, lakini nimeisoma yote.

Mwambie huyo mzee rafiki yako asiogope. Hata sisi walimu tunapita hapo kwa kunyata. Zinaitwa "phrasal verbs". Ni kitenzi cha kawaida, halafu neno dogo linakifuata nyuma, na hilo dogo ndilo bosi. Sisi pia tunabadilisha vitenzi. Wewe unafunga duka, unafungua duka, unamfungia mteja sukari, na hakuna anayeshangaa, ingawa mzizi ni ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tunaushona mkia kwenye ngozi. Mwingereza anauacha utembee wenyewe huko nyuma.

"Hang out" ni kukaa na mtu bila kazi maalum, kupiga stori. Hakuna kamba. "Put us up" ni kutupokea na kutupa mahali pa kulala. "Grown out of my coat" ni kwamba mtoto amekua, koti halimtoshi tena.

Na umwambie kosa si lake. Gazeti linaandika "accommodate", mtoto anasema "put up". Gazeti linaandika "postpone", mtoto anasema "put off". Mzee amesoma Kiingereza kilichovaa suti. Mtoto anaongea kile cha nguo za kulalia. Ni mtu mmoja, ila mzee hajawahi kumkuta nyumbani.

Kanuni moja tu kwa leo. Ukitaka kusema kumbeba mtoto, unaweza kusema "pick up the child" au "pick the child up", zote sawa. Lakini ukitumia "her", lazima akae katikati: "pick her up". Majina makubwa yanaweza kusimama nje. Vijina vidogo vinashikwa huku na huku, kama mtoto anayevushwa barabara. Si vitenzi vyote vinakubali hivyo. "Look after her", yaani kumtunza, haitenganishwi. Usiniulize kwa nini, darasa la saba wataniuliza shule ikifunguliwa na sina jibu.

Mzee akipigiwa tena, aniletee maneno ya mtoto jinsi yalivyotoka, yote. Na umpe pole ya goti. Nasikia naye anachechemea mguu wa kushoto, kama wewe.

Wako,
Mwl. Nanjala


Kajiado
4 Septemba 2000

Mwalimu,

Mzee amefurahi sana na anakushukuru. Ni kweli anachechemea mguu wa kushoto. Dunia ina mambo.

Jambo lako nimelifikiria nikiwa sokoni. Mbuzi ni yule yule. Ukimweka mtu huyu nyuma yake, anaenda machinjioni. Ukimweka yule, anaenda kisimani. Ukimtazama mbuzi usoni huwezi kujua safari yake, na yeye pia hajui. Mtazame anayemfuata. Kwa hivyo siku hizi nikisikia "put" au "get" sihangaiki. Nangoja nione nani anakuja nyuma.

Nilijaribu kwa Musila. Nilimwambia, "Musila, let us hang out." Akadhani kuna mbuzi ananing'inia nje ya lori, akaenda mbio kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa.

Jana simu ilikuja. Najah aliongea kuliko siku zote, kwa sababu mama yake alikuwa ameenda kumfungulia mtu mlango. Tena aliongea kwa sauti ya chini. Mzee hakuandika, sisi watu wa mnada hatuandiki, bei zote tunaweka kichwani. Alinipa maneno kwa mpangilio wake, na nimeyapanga hapa vile vile:

"I fell out with Amy. Then we made up. Everyone says I take after Mum. I've given up swimming. Dad moved out. I'm not supposed to let on. But we're getting by."

Mzee alijibu "very good" kila mtoto alipovuta pumzi.

Mwishoni mtoto akasema, "OK. Bye, Awoowe." Awoowe ndivyo sisi tunavyomwita babu. Zamani alikuwa anaongeza "love you". Jana hakuongeza. Labda mama yake alirudi.

Ni mimi,
Barre Jeylani


Kitengela
19 Septemba 2000

Mzee Barre,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mitihani ya majaribio imetubana, na maji yamepanda bei, wenye mikokoteni ya punda wanatuangalia kama sisi ndio tuliofukuza mvua.

Rafiki yako ana masikio mazuri. Tuanze. "Fell out with Amy" ni kukosana na huyo rafiki yake. "Made up" ni kwamba wamepatana. Umeona? Hata ugomvi na suluhu wameviachia maneno madogo. "Take after Mum" ni kufanana na mama, kwa sura au kwa tabia. "Given up swimming" ni ameacha kuogelea. Ukisikia "give up" peke yake, bila kitu mbele, ni kukata tamaa, lakini hapa ni kuacha tu. "Getting by" ni kwamba mambo yanakwenda, polepole, watu wanajikaza na wanaishi.

Nadhani hiyo ni kazi ya kutosha kwa mwezi huu. Mzee afanye mazoezi ya "make up", ni nzuri sana hiyo.

Wanyama atapita Kajiado Jumamosi kwa shughuli zake. Nimemwambia asikose kukuamkua. Mkae pamoja, mnywe chai, asiharakishe.

Wako,
Mwl. Nanjala


Kajiado
26 Septemba 2000

Mwalimu Nanjala,

Mumeo alifika Jumamosi. Ni mtu mzuri. Alikunywa chai mpaka birika likaisha. Akala mahamri. Akasifu mbuzi ambao hata mimi ninayewauza siwasifu. Kila alipokohoa akavuta kiti karibu nilifikiri sasa linakuja, na kila mara lililokuja lilikuwa ukame. Mwisho alinunua kiberiti, akaniambia "Mungu yupo, mzee," akaenda zake.

Mwalimu, Kitengela hakuna viberiti?

Nikueleze jinsi tunavyonunua ng'ombe. Muuzaji anampapasa mbele yako. Anapiga mgongo, anashika shingo, anainua mguu huu, anainua ule, na mdomo haufungi, sifa juu ya sifa. Mnunuzi mgeni anamtazama ng'ombe. Mimi namtazama mkono. Mahali ambapo mkono unaruka, hapo ndipo nainama.

Mtoto alisema maneno saba. Wewe umepapasa matano. Mkono wako umeruka mara mbili, moja ikifuata nyingine, halafu ukanisifia "make up".

Yule mzee ni mimi. Nadhani goti lilishanitaja.

Nimalizie.

Barre


Kitengela
29 Septemba 2000

Mzee wangu,

Goti lilikutaja tangu barua yangu ya kwanza.

Kwetu, habari ya ndoa ya binti haipelekwi kwa baba yake na mwanamke mdogo, tena kwa karatasi iliyopanda lori. Anatumwa mwanamume. Anakaa, anakula, halafu anasema. Wanyama alikaa na akala. Ile sehemu ya tatu ilimshinda. Aliporudi nilimuuliza, "Umemwambia?" Akasema, "Nilikuwa nakaribia."

Basi naandika mimi, na unisamehe.

"Dad moved out" ni kwamba baba yake amehama pale nyumbani. Hanad haishi nao tena. "I'm not supposed to let on" ni kwamba ameambiwa asitoboe siri. Kwa hivyo Faysa hajataka ujue, na mtoto alikuambia wewe, kwa sauti ya chini, mama alipokwenda mlangoni.

Na lile la mwisho, "we're getting by", alilisema baada ya hayo. Nilikufafanulia vizuri maana yake, lakini nililitoa mahali pake. Lirudishe.

Nanjala


Kajiado
Oktoba

Mwalimu,

Hii si barua. Mzee amesema leo hakuna barua. Lakini ameniambia nipite kwako nikuambie amepokea yako, na mimi nikipita bila kitu mkononi naona kama sijafanya kazi.

Duka alifungua, ila hakai ndani. Ametoa magunia yote ya stoo, amepaka chokaa, ametoboa ukuta akaweka dirisha. Nilimuuliza, mzee, ni nani anahamia? Akaniambia niendeshe lori.

Barua zenu hazikuwa zinagundishwa vizuri. Sikusoma zote.

Ni mimi dereva,
Musila

Nimeku-drop off hii karatasi. Ama ni nime-drop karatasi off?


Kajiado
13 Oktoba 2000

Mwalimu Nanjala,

Musila ameniuliza na mimi lile swali lake. Mwambie karatasi ndiyo inayokuwa dropped off, si wewe.

Simu ya mwezi huu ilikuja. Nilikuwa nimeshaisoma barua yako, na niliposhika ile simu nilitamani ningekuwa bado sijui Kiingereza. Faysa akaniambia wote wazima. Nikamuuliza, Hanad hajambo? Akasema yuko kazini. Nikasema, msalimie. Hayo ndiyo tuliyoongea, baba na binti, watu wawili wanaojua kitu kimoja.

Usinilaumu. Sokoni kwetu kuna adabu moja. Mwaka huu wa ukame nimeona watu wakileta mpaka ng'ombe wa maziwa, ng'ombe mwenye jina, mtoto wa nyumba ile amelia njia nzima. Unauliza umri wake. Unamfungua mdomo unaona meno. Lakini humuulizi mwenyewe, "Kwa nini unauza?" Hakuna anayeuliza. Mtu ameshajikaza mpaka akafika sokoni, wewe nani umfungulie kidonda mbele ya watu? Hiyo ndiyo heshima niliyokulia, na hiyo ndiyo niliyompa Faysa.

Halafu nikaomba Najah. Faysa akasema, "Aabo, anafanya homework." Aabo kwetu ni baba. Ni mara ya kwanza mtoto huyo kukosa kuja kwenye simu. Nikasubiri. Nilisikia mama akimwita, na nikasikia mtoto akikataa. "No" haina neno dogo nyuma yake. Niliielewa vizuri.

Mtoto aliniambia jambo kubwa kuliko yote aliyonayo, na mimi nikamwambia "very good". Nahitaji sentensi ya kumrudisha kwenye simu mwezi ujao. Nimeandika hii: "Kindly be informed that the remarks of your grandfather made on the third of September are hereby taken back." Naona bado ina sukari ya gazeti. Nisahihishie, na uweke phrasal verbs nyingi uwezavyo, aone nimejitahidi.

Barre


Kitengela
21 Oktoba 2000

Mzee wangu,

"Take back" umeipata, ni kufuta ulichosema, na ndiyo inayofaa. Iliyobaki mwachie mhariri. Sema "I take it back", na hilo "it" likae katikati, unajua sababu.

Phrasal verbs sikuongezei hata moja. Huendi kwenye mtihani.

Kuhusu ile adabu ya sokoni, nimeisoma nikamsomea na Wanyama, akasema watu wenu wana akili. Ni kweli, na kwa Faysa huenda ulifanya sawa. Ni mtu mzima, alijua unanyamaza kwa kumheshimu. Lakini Najah hauzi kitu, mzee. Mtoto wa miaka tisa ukimnyamazia haoni heshima. Anaona hukusikia. Kama hukusikia, au ulisikia ukasema "very good", kwake ni mamoja.

Yeye muulize. Na usipoelewa, sema hujaelewa. Foleni ya Jentrix itavumilia.

Nanjala


Kajiado
6 Novemba 2000

Mwalimu Nanjala,

Nilifika kwa Jentrix mapema. Niligeuka nikaiambia foleni, "Nyinyi, leo mtasikia Kiingereza kibaya. Anayetaka kucheka aende akachekee nje." Wakajipanga vizuri zaidi. Hakuna aliyetoka. Jentrix alinipa kiti chake.

Faysa alianza salamu. Nikamkata, kitu ambacho sijawahi kufanya. Nikasema nipe Najah. Akasema, "Aabo, hataki." Nikasema, "Mwambie babu yake ana kosa la Kiingereza, na yeye peke yake ndiye anaweza kulisahihisha." Nilisikia akiambiwa. Nilisikia kiti kikiburutwa.

"Hello," akasema.

Nikasema, "Najah, I said very good. I did not understand. I take it back. Dad moved out, and it is not very good."

Nilidhani laini imekatika. Nikaigonga simu, Jentrix akanishika mkono. Ndipo nikasikia anavuta pumzi, zile za mtoto anayetoka kulia au anayeingia.

"You worked it out," akasema.

Hiyo sikuijua, Mwalimu. Nakuapia nilifungua mdomo na "very" ilikuwa tayari iko kwenye ulimi. Nikaimeza. Nikasema, "What is that, worked it out?" Akanieleza: ni kuwa na kitu kilichofungana mpaka ukakifungua kwa akili yako. Anaeleza vizuri kuliko wewe, usikasirike. Nikamwambia kuna mwalimu amenisaidia. Akauliza mwalimu anaitwa nani. Amejua kutamka Nanjala.

Halafu akaniuliza, "Awoowe, will you put up with us? Mum says it might be for ages." Nikaona put, nikaona up, nikataka kujibu, halafu nikaona kuna mwingine anakuja nyuma. Nikasema, ngoja, "put up" ninaijua, hii "with" imetoka wapi? Akacheka! Akasema ni mtu akikusumbua na wewe humfukuzi, hata akikaa hizo "ages", siku nyingi. Mpaka sasa sijui kwa nini lugha inaweka vitu hivyo viwili nyumba moja. Labda kwa sababu wageni ni wageni.

Nikasema, "Yes. I will put up with you. Very much." Nyuma yangu mtu mmoja akapiga makofi.

Faysa akachukua simu. Alikuwa analia. Akasema, "Aabo, kwa hivyo unajua." Nikasema najua. Sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza mtoto ana urefu gani, kwa sababu fundi ananisubiri kwa kitanda. Akalia zaidi, halafu akasema nisipime kwa sasa, anakua haraka, niache nafasi ya miaka miwili mitatu.

Nimemwambia fundi aache nafasi.

Barre


Kitengela
15 Novemba 2000

Mzee wangu,

Barua yako imelowa. Musila anasema ni mvua, alinyeshewa Isinya, na anaapa hakuwa akiisoma. Huku kwetu pia imenyesha. Pundamilia wamerudi kwao, na mchicha unachipua mahali walipokanyaga.

Wanyama ameshona pazia la dirisha la stoo. Nimesema vizuri, ameshona yeye, kwa cherehani yangu. Anasema hata ile siku ya chai, kama ungemuongezea dakika kumi, angesema.

Shule yako ya pale karibu wanaandikisha watoto Januari. Nilifundisha hapo, nitawaandikia walimu barua. Utaniambia kama ni ya kupeleka au ni ya kuweka.

Nanjala


Kajiado
19 Desemba 2000

Mwalimu Nanjala,

Barua yako ipeleke.

Wamefika. Nilienda mwenyewe uwanja wa ndege, na Musila, kwenye lori ambalo alikuwa ameliosha mpaka mbuzi wasingelitambua. Walikuja na masanduku mengi. Mtu wa kukaa likizo haji na sufuria. Sikuuliza. Nilibeba.

Tulipita Kitengela jioni bila kusimama. Nilikuwa nimejipanga kumwonyesha Najah, "There lives Nanjala," lakini alikuwa amelala kwenye bega langu, mdomo wazi. Akalala mpaka Kajiado. Nilimshusha bila kumwamsha, na nikakumbuka, "pick her up", huku na huku. Faysa alisimama mlangoni mwa stoo akatazama chokaa, dirisha, pazia la Wanyama, na kile kitanda kirefu kilichomzidi mtoto. Akasema tu, "Aabo." Halafu akaingia akaanza kutundika nguo.

Mimi nilikuwa na hotuba. Niliitayarisha tangu Novemba, sikukuonyesha, nilitaka hii iwe yangu. Asubuhi nilivaa koti. Nikakaa kwenye kiti mbele ya mlango wake. Jentrix akaja na maziwa, akakataa kuondoka. Musila akaegemea ukuta. Wateja wakangoja sukari bila kelele.

Mlango ukafunguka. Akatoka, nywele zimesimama, amefanana na Faysa mpaka nikasahau neno la kwanza. Nikasimama. Goti likaniruhusu.

Nikasema, "Najah. I will put you up. I will put up with you. I will look after you. We will hang out. And if I do not understand, I will not say very good, I will ask, until we work it out."

Kila neno lilikaa mahali pake, Mwalimu. "You" ilikaa katikati pale inapotakiwa na ikakaa nyuma pale inapotakiwa. Jentrix alishika mdomo. Faysa aliacha kumimina chai.

Mtoto akanitazama, kwa makini sana. Akanikaribia, akanishika mkono.

"Awoowe," akasema, "where's the loo?"

Hilo neno hatukulifikia. Nikamuuliza, kama nilivyoahidi, na akanieleza kwa ishara.

Choo kiko nyuma ya stoo, na mlango wake haufungiki. Huo sikuukumbuka.

Barre Jeylani